Vifungo Themanini vya Papa Kalala

Papa Kalala,

Cherehani yako bado iko hapa dirishani, Doornfontein, Johannesburg, na mimi mwanafunzi wako ndiye ninayeitumia. Sijakuandikia tangu tukuzike kwa sababu nilikuwa naona haya. Leo nasema.

Timu yako ya besiboli haina mtu wa kuanza kurusha mpira msimu ujao. Hata mmoja. Kamau, yule Mkenya wa benki kule Sandton, kazi imemrudisha Nairobi. Juma bega limemgomea, sasa anarusha kama anayemwaga maji ya kunawia. Nalala na kuamka nikipanga majina, na kila nikipanga naishia kwa Dieudo, mwanao. Na Dieudo hawezi, Papa. Hawezi kwa sababu yangu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa pembeni ya uwanja na vifungo themanini katika mfuko wa kushoto wa koti? Mrushaji akirusha, kifungo kimoja kinahamia mfuko wa kulia. Watu walikucheka, eti fundi hata Jumamosi hapumziki. Kushoto kukiisha unasimama: "Bifungo bimeisha, atoke!" Hata tukiwa tunaongoza. Hata kocha akinuna. Siku moja nilikubishia, ukanijibu, "Mukono ya mutu haiko mashini," kisha ukanipa sindano nitunge uzi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ulipotutoka, Mama Dieudo alinipa koti lako pamoja na kazi ya kuhesabu. Mechi ya kwanza na ya pili nilihesabu vizuri. Ya tatu tulikuwa mbele kwa pointi moja tu, na vifungo vya kushoto vikaisha. Kocha akanitazama. Dieudo mwenyewe, aliyekuwa akirusha, akapaza sauti, "Niko sharp, anko, niache nimalize." Nami nikachota vifungo mfuko wa kulia, nikavirudisha kushoto, nikaanza upya. Nilijiambia tunashinda kwa ajili yako. Uongo. Nilitaka kushinda tu.

Alirusha mipira kumi na tisa zaidi. Wa mwisho haukufika. Alishika kiwiko, akapiga magoti. Ndani ya gari la kocha kila robot, hizi taa za barabarani, ilitukuta nyekundu, na yeye hakulia, mimi ndiye niliyelia. Daktari amesema mwaka mzima asirushe, na baada ya hapo hakuahidi kitu.

Mechi tulishinda. Hakuna aliyeimba.

Jana alipita kunisalimia. Kifungo cha juu cha shati kilikuwa wazi, mkono wake wa kulia haukunjiki hadi shingoni. Nikamfungia mimi, kijana aliyenipita urefu. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Mama yake bado hajui nilichofanya na vifungo vile. Jumapili baada ya ibada nitamwambia, na akitaka koti nitalirudisha.

Basi pumzika, Papa. Sioni timu ikifika popote, sitakudanganya. Lakini Mama Dieudo akiniachia koti, nakuahidi msimu ukianza nitakaa mahali pako na vifungo themanini, hata kama hatuna wa kumhesabia. Mfuko wa kulia nimeushona mdomo kwa uzi wako mweusi, nikaacha tundu moja dogo. Kifungo kinapita. Mkono wangu hauingii.

Mwanafunzi wako,
Ngoy