Mahali Nusu Inapokwenda

Mountain View, upande wa Kangemi,
Nairobi.
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Muthoni,

Nakuandikia mvua ikipiga bati hata sijisikii nikifikiri. Mgongo wako je? Ulisema kuwageuza wazee wa huko Perth kitandani kumekuumiza. Jifunge kitambaa cha moto kiunoni. Sisi tu wazima. Presha yangu daktari aliipima akaita wenzake waje waone presha ya kijana kwenye mwili wa mzee.

Sasa lile jambo. Uliniomba nimwambie mwanao Mwihaki aache kazi, aje kwako asomee uuguzi kwenye nafasi uliyomshikia. Nikakuahidi chai haitapoa kabla hajakubali. Na wewe wanijua kwa maneno. Ile kesi ya mpaka wa shamba la Kiragu niliongea mpaka chifu akasahau kwamba yeye ndiye chifu.

Alhamisi nikavaa koti la harusi, nikaenda kazini kwake Spring Valley. Ni nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, katikati ya miti mikubwa. Askari wa geti aliponiona alifungua milango yote miwili, na sikuwa na gari.

Nikueleze kwanza anachofanya, maana mimi na wewe tulidhani anapiga chapa tu. Kuna hesabu zilizowekwa tayari ndani ya kompyuta. Mtu yeyote duniani anayetengeneza programu huchukua anayoitaka, hana haja ya kuunda yake. Lakini atajuaje inafanya nini? Anasoma ukurasa wake. Kila hesabu ina ukurasa, na anayezitunza kurasa hizo ni huyu binti yako mwenye jina la mama yetu.

Nilimkuta amekunja uso. Mama mmoja wa Uruguay, nchi ambayo ng'ombe ni wengi kuliko watu, alikuwa ameandika kulalamika. Alitengeneza programu ya kugawa dawa ya mifugo, akatumia ile hesabu ya kugeuza namba yenye kipande iwe namba nzima. Ukurasa ulisema nusu hupanda. Yake, mbili na nusu, ilishuka ikawa mbili. Ng'ombe wakapewa dawa pungufu, na yeye akadhani kompyuta yake ni mgonjwa.

Nikamwambia Mwihaki, "Mama, hiyo ni rahisi. Nusu huenda juu. Nilifundishwa hivyo kabla walimu hawajaishiwa na maswali ya kuniuliza."

Akacheka. "Anko, hapa nusu ina mambo yake. Mbili na nusu inashuka iwe mbili. Tatu na nusu inapanda iwe nne. Inaenda kwa ile namba jirani inayogawanyika kwa mbili."

"Na nani aliamua hivyo?"

"Ukipandisha kila nusu, halafu ujumlishe namba nyingi, jumla inavimba. Hivi zingine zinapanda, zingine zinashuka, zinasawazishana."

Muthoni, nilivuta kiti nikasikiliza. Mimi. Kumbe kuna watu walikaa chini wakaitafutia haki hata nusu, kitu ambacho sisi wengine tunakirusha upande wowote na kwenda zetu.

Kompyuta ilikuwa sawa. Ukurasa ndio uliokosea, uliandikwa na mtu aliyeondoka zamani. Nikadhani atabadilisha neno moja twende chai. Wapi. Alijaribu namba baada ya namba kwenye mashine ndipo akaandika sentensi moja. Akampelekea Were, mwenzake wa meza ya pili, kijana mpole wa Busia, maana hapo hakuna linalotoka kabla mwingine hajalikagua. Were akairudisha.

"Na namba zilizo chini ya sifuri? Ama wanaopima barafu si watu?"

Akajaribu hizo, akaandika upya. Ikarudi tena.

"Na mtu akileta kitu ambacho si namba?"

Nikashindwa kuvumilia. "Kijana, unamtesa mtoto wetu."

"Mzee, afadhali nimtese mimi kuliko ng'ombe wa watu."

Nimesikiliza wahubiri, nimesikiliza wabunge, nimekaa kwenye mabaraza kutwa nzima. Sijawahi kuona maneno yakishikwa hivi, kila moja likiulizwa litamfanyia nini mtu ambaye hatutamwona maishani.

Mwishowe Mwihaki akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Soma, halafu uniambie sita na nusu itakuwa ngapi." Kilikuwa Kiingereza, lakini kisicho na majivuno. Nikasoma polepole. Nikasema sita.

"Na saba na nusu?"

Nane.

"Imepita," Were akasema, akabonyeza. Pale pale ukurasa ukawa umebadilika dunia nzima, Uruguay na huko kwako Perth. Mwili ulinisisimka kama siku ya ubatizo.

Tukanywa chai nje. Mwihaki akaniuliza, "Anko, Mum ndiye amekutuma, si ndio? Kama ni ile kozi, sema tu. Nitakusikiza."

Hapo niliogopa. Sikumkuta mkaidi kama ulivyonieleza. Ningesema, angeenda, kwa heshima tu, na angekuwa muuguzi mzuri anayefikiria kitu kingine.

Sikusema. Nilimuuliza kama chai ina sukari.

Kwa hivyo neno lako nakurudishia kama lilivyo. Ile nafasi mpe Debra, binti wa jirani yetu Nthenya, ambaye ameutaka uuguzi tangu akiwa mdogo. Usinikasirikie. Najua hukuwa unatafuta mwanafunzi. Unatoka kazini unafungua nyumba ambayo hakuna anayekuuliza umeshindaje, na ulitaka mtoto wako awe ndani. Hilo ningelijua mapema nisingeahidi kitu.

Basi njoo wewe, Desemba. Ukae kando yake mchana mmoja umtazame akifanya kazi. Mimi nimeeleza nilivyoweza, lakini hili linataka macho ya mama yake.

Wifi yako Phoebe anakusalimu sana, na binti yetu Janice pia, anasema umpigie. Mungu akulinde kwenye zamu zako na akupe usingizi usio na maumivu.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni na bado nakupenda,
kaka yako,
Jamleck