Nimerudi Wodini, Mama

Thunder Bay,
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima. Watoto wanakusalimu, na ile jamu yako wameikomba hadi chupa inang'aa.

Basi nimerudi wodini. Miaka mingi ya kukaa nyumbani kulea watoto si mchezo, Mama! Siku hizi kabla ya kutoa dawa lazima umulike kibandiko cha mkononi mwa mgonjwa kwa kimashine, ukisahau kompyuta inakupigia makelele wodi nzima isikie. Danika, msichana anayenisimamia, aliniuliza kama nimetoroka makumbusho. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia. Yeye ndiye atakayeamua kama nirudishiwe leseni ya unesi, na tangu kiwanda kimwachishe Eino wangu kazi, mshahara wangu ndio tunaoutegemea.

Sheria moja haina msamaha: habari za mgonjwa hazitoki nje. Juzi juzi nesi mwenzetu alifukuzwa kwa kumwambia jirani, "Shemeji yako kalazwa kwetu". Danika alisema hapo hata ulie damu, unaenda nyumbani.

Mama, kaa kitako kwanza.

Jumanne nilimulika mkono wa mgonjwa, likatokea jina la Reino. Reino wetu, Mama! Sikuwa nimemtambua, alivyokonda na macho yalivyogeuka manjano. Yeye alinijua tangu mlangoni, akajifanya hanijui. Ini limekwisha, na daktari hampi hata wiki mbili.

Amekataza ndugu yeyote asiambiwe. Nilipomsihi alinikatiza, eti humu ndani mimi ni nesi, si dada yake, na hataki umwone alivyo; nikithubutu kukuambia, atanishtaki. Kisha akaniomba nimgeuze ubavu. Nikamgeuza.

Nilipaswa kumwambia Danika kuwa ni kaka yangu, anipangie wagonjwa wengine. Sikusema, ili nimwogeshe mwenyewe. Simu zako nimezikwepa kwa sababu hiyo. Ningesikia sauti yako ningebwatuka yote. Naumia, Mama. Kumkosea yeye naogopa, kukuficha wewe siwezi.

Eino amekuletea barua hii kwa mkono, na gari linakungoja nje. Ni wodi ya tano, chumba cha nne. Reino atafoka, pengine asinitazame tena. Wewe ingia tu.

Wasalimie majirani, na Mungu akulinde njiani. Wakikuuliza pale mapokezi nani kakuambia, usihangaike kutunga uongo. Wape jina langu.

Mwanao akupendaye,
Ritva