Mfano wa Mahari

Gesima, Jumanne, 1974

Sijui kwa nini nilichukua mfano wa mahari, siku kama ya leo. Nilikuwa nawaeleza kidato cha pili jinsi atomu zinavyoungana: sodiamu inatoa elektroni, klorini inaipokea, zinashikana. Kama ng'ombe wakishahamia boma la mkwe, ndoa imefungwa.

Walielewa mara moja. Kemunto akanyoosha mkono. "Na ng'ombe wakirudishwa, mwalimu?"

Mtoto wa watu, hakujua kitu.

"Basi kila mmoja anabaki peke yake," nikasema, nikaanza kufuta ubao kabla hawajanakili.

Jana baba mkwe alinirudishia ng'ombe wote. Moraa, mke wangu, hakuja hata kuniaga. Tangu asubuhi ng'ombe wanalia zizini, wanataka kurudi kwa kina Moraa.

Hata mimi.