Kapteni Asiye na Mdomo

Jumatatu, 10 Julai
Hili sijamwambia mtu, hata rafiki yangu Zione: tangu wanifanye kapteni wa netiboli, kila asubuhi naomba manyunyu yasikatike. Hapa kwetu Thyolo ikiingia baridi na ukungu, uwanja unateleza, mazoezi hakuna, nami sina haja ya kufungua mdomo. Naomba kwa magoti kabisa!

Leo jua limewaka. Saa tisa nilikuwa uwanjani, nyuma ya mashine ya kusaga, mimi na mpira. Wakaja watano, wakakaa chini. Eti wanamsubiri Mama Tionge, kwa sababu ndiye mfungaji na ni dada wa chifu. Alifika jua linazama, anatafuna muhogo. Akarusha mipira miwili mitatu, akasema miguu inamuuma, akaenda zake. Wote wakamfuata.

Na Jumamosi ni fainali na timu ya Khozombe!

Kisha nikamsikia mwenyekiti wa timu yetu, Bwana Kalipinde, akimwambia mwenye mashine kwamba alinichagua kwa sababu sina mdomo. Kapteni mwenye mdomo ni kazi, alisema. Huyu aliyemaliza shule juzi ataitikia tu. Wakacheka. Nina hasira! Na nilifanya nini? Nikapiga goti, nikawaamkia, nikapita. Mjinga mimi!

Jumanne, 11 Julai
Nilidhani ujasiri utakuja kwanza, ndipo niongoze. Haukuja. Saa tisa ilipofika nikapuliza kipenga hivyo hivyo. Nikasema "Anzeni," sauti ikatoka kama ya kifaranga.

Zione: "Kapteni, umekimeza hicho kipenga?"

Wakacheka — lakini wakakimbia! Tulikuwa sita. Sikumsubiri mtu. Mama Tionge alipofika tulikuwa tunaondoka. Aliniangalia kama nimemkanyagia unga wake.

Jumatano, 12 Julai
Siku mbaya. Mechi ya kujipima na wanawake wa shamba la chai.

Ukishika mpira una sekunde tatu tu. Na nusu ya timu yetu ni Mama fulani! Ukianza na "Mama" wanageuka wanne, ukifika kwenye jina la mtoto refa ameshapuliza. Tumepoteza mipira hivyo mwaka mzima, na hakuna anayesema kitu, maana heshima ni heshima.

Mpira ulikuwa mikononi mwangu. Mama Tionge alikuwa chini ya goli, peke yake, amenipa mgongo, anapiga soga na watazamaji. Nikaita, "Esinati!"

Wakageuka. Uwanja mzima. Jina hilo hapa kijijini analitaja kaka yake tu.

"Umeniita nani?" Akaja hadi puani kwangu. "Wewe niliyekuogesha siku uliyozaliwa! Kesho utaniambia nikupikie nsima, mume wangu?"

Vicheko. Nilitaka kulia. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, basi likatoka na la pili: "Toka nje. Loveness, ingia." Sikuwa nimelipanga. Nililisikia pamoja na wengine.

"Nivue? Mbele za watu?" Ameshika kile kitambaa cha mfungaji, chenye herufi za nafasi yake, kifuani. Nikanyoosha mkono. Sikuurudisha. Akanitupia usoni.

Loveness, mchezaji wetu wa akiba, alikosa mara nne, akafunga mara mbili. Tukashindwa kwa bao moja. Ningekuwa nimeshinda wangenyamaza!

Alhamisi, 13 Julai
Mama hasemi nami. Anagonga masufuria tu. Kisimani walinipisha kama mgonjwa wa upele.

Jioni akaja Bwana Kalipinde. Kesho nipige magoti mbele ya Mama Tionge, naye Jumamosi acheze. La sivyo nimrudishie kipenga. "Uongozi ni heshima, mwanangu," akasema. Heshima! Yule anayekuja mazoezini na muhogo, mbona hajaambiwa? Nilitaka kumwuliza. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Ndiyo, baba! Ningeweza kujing'ata ulimi.

Jina nilikosea. Namwonea haya kweli, alinibeba mgongoni huyu mama. Lakini kumtoa sikukosea. Wanataka goti moja lilipie mambo mawili!

Ijumaa, 14 Julai
Wamekuja. Wamekaa mkekani. Mimi niko jikoni naandikia gotini, Mama anachemsha chai.

Nawasikia. Mama Tionge anasema hata marehemu mumewe hakuthubutu kumwita hivyo. Bwana Kalipinde anamtuliza: "Atapiga goti, yaishe. Kesho unacheza, dada." Ameshaamua! Hata sijatoka jikoni.

Nitapiga goti. Nitasema, Mama Tionge, nisamehe kwa jina lile. Hapo nitamaanisha. Baada ya hapo sijui kama sauti itatoka, maana sijisikii kapteni hata kidogo.

Lakini kuna jambo hawalijui. Alfajiri, kabla sijaanza kuogopa vizuri, nilimpelekea Loveness kitambaa cha mfungaji. Kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikamwambia kila mmoja atasimama wapi kesho. Nilimkuta Mama Tiyamike anafagia. Ananizidi umri mara mbili. Akaegemea ufagio, akasema, "Haya, kapteni."

Hakucheka!

Wananiita. Mama amenishikia pazia, macho mekundu, ananiashiria nitoke.

Usimwambie mtu, daftari langu, nakuomba. Waache kwanza wamalize chai.