Bafu la Baba

Muyinga, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na mimi sina nguvu hata ya kufua.

Baba hajazungumza nami tangu saa nne asubuhi. Amelala akitazama ukuta.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: mimi na Baba tunaishi ndani ya gari-nyumba. Wageni wawili waliokuwa wakizunguka Afrika waliingia nalo kwa mpaka wa Kobero, injini ikawafia hapa Muyinga, Burundi, wakamwachia marehemu mjomba. Lina vitanda, jiko dogo na bafu. Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania tulikuta familia nyingine kwenye shamba letu. Nao walipewa na serikali, nao wamezeeka pale. Tukaambiwa tusubiri, na mke wa mjomba akatufungulia gari. Tulidhani tungekaa miezi michache.

Baba alikuwa katekista kambini, mtu wa shati lililopigwa pasi hata wakati wa njaa. Mwaka jana alipooza upande wa kulia. Mimi ndiye mtoto pekee aliye naye. Kaka yangu alibaki Tanzania na siku hizi hapokei simu.

Nayaeleza haya ili mwelewe habari ya bafu. Bafu la mke wa mjomba liko chini ya mteremko, na Baba hawezi kushuka. Hili la garini liko hatua mbili kutoka kitandani kwake. Nampashia maji, namwekea ndoo na kiti cha plastiki, natoka nje. Anajifungia mwenyewe. Anajiosha mwenyewe kwa mkono wa kushoto, taratibu, akiimba nyimbo za kanisani. Akimaliza anagonga mlango mara mbili. Sijawahi kumwona akioga, naye hajawahi kuniomba msaada.

Hicho ndicho alichobaki nacho.

Wiki tatu zilizopita mguu wa kiti ulipasua beseni, ile sakafu ya plastiki unayokanyaga ukioga. Ufa wa urefu wa kiganja. Niliujaza gundi ya viatu. Siku mbili tu ukafunguka, maji yakawa yanadondoka chini ya gari.

Nikasafiri hadi Gitega. Mtu aliniambia sokoni kuna mama Mkongomani kutoka Uvira, Mama Furaha, anayeuza vifaa vya kuziba mashua na matangi ya maji. Nilimwonyesha picha kwenye simu.

"Bac ya douche, beseni ya kuogea? Ndani ya gari?" Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Iko dawa yake, dada. Unapanguza bien, ikauke kabisa, unatoboa katundu kadogo kila mwisho wa ufa, isiendelee kupasuka. Unaweka hii kitambaa, unapakaa hii gundi. Unaacha siku mbili." Alinifungia vyote kwenye gazeti. Halafu akaniuliza, "Na mbao ya chini? Iko nzima?"

Nikamwambia ni nzima.

"Sababu kama imeoza, we utafanya kazi ya bure."

Sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimeihisi ikibonyea chini ya miguu yangu tangu masika, na sikutaka kuitazama.

Kazi niliifanya vizuri. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Nilikausha kwa matambara, nikatoboa, nikasugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, nikalaza kitambaa tabaka tatu. Gundi ilinuka hadi tukalala madirisha wazi. Jumanne ilikuwa imekauka, ngumu kama sufuria. Nilifurahi. Nilisimama juu yake na viatu.

Jana nikaingia chini ya gari na msumari.

Msumari ulizama kwenye mbao kama kwenye muhogo uliochemshwa. Niliusukuma sehemu nne, tano. Kote vilevile. Nilibaki nimelala kwenye matope, nikisikia Baba juu yangu akivuta mguu wake kuelekea dirishani.

"Umemaliza?" aliniuliza nilipotoka. Alikuwa hajaoga siku tisa. Alikuwa amekataa hata kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Siku hizo zote alikaa mbali na wageni, akisema ana mafua.

"Nimemaliza, Baba."

Akatabasamu kwa ule upande wake unaotabasamu.

Leo asubuhi alijifungia. Nilisimama nje chini ya mwavuli. Alianza wimbo, akafika ubeti wa pili. Kisha nikasikia mbao, na kiti, na yeye.

Niliita. Akasema, "Usiingie."

"Baba, umeumia?"

"Nimesema usiingie."

Maji yalikuwa yakimwagika chini ya gari, na ndani yake damu kidogo. Nikavunja kitasa kwa nyundo.

Alikuwa chini, mguu mmoja wa kiti umetoboa hadi nje, goti lake limechanika. Kwa mkono wake mzima alikuwa amejifunika. Kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujiinua. Nilitazama ukuta, nikamshika makwapani, nikavuta. Ni mwepesi. Sikujua kama amekuwa mwepesi kiasi hicho. Alikuwa analia bila sauti, na sabuni bado masikioni.

Nilimsuuza kwa maji yaliyobaki. Nikamkausha, nikamvalisha, nikafunga goti. Nikamfikisha kitandani.

Hapo akasema, "Ulijua?"

Nikasema nilijua.

Akageukia ukuta. "Usinipashie maji tena."

Mke wa mjomba anasema itafutwe mbao mpya. Sakafu yote imeoza, hadi chini ya vitanda. Mbao mpya nitaipigilia kwenye nini?

Kesho nitapasha maji vilevile. Nikishayapasha, sijui nitamwambia nini.