Mistari Yangu Kwenye Kinanda cha Rama

Jumapili, 2 Novemba

Maji ya tangawizi. Kusukutua. Kunyamaza. Daktari kasema nisiimbe mpaka aliangalie tena koo. Nimetii, ingawa kunyamaza kunaniuma kuliko kidonda chenyewe.

Jioni kapita Mama Neema, jirani yangu, anatoka harusini kule Mzinga. Kanisifu. "Leo umeimba, Amina. Nilikaa nyuma sikukuona, ila nimekusikia."

Mimi nilikuwa hapa nachambua mchicha. Nikamwambia kachanganya. Kanuna. Anasema sauti yangu anaijua hata akiwa usingizini.

Bendi yetu ndiyo iliyopiga Mzinga. Sijapenda.

Jumatatu, 3 Novemba

Kihonda, kwa Rama, mpiga kinanda wetu. Nimemwamkia mama yake uani, nikapitiliza hadi chumba cha mazoezi.

Rama hakuficha. Alikuwa anajivunia. Kabonyeza kitufe kimoja, nikatoka mimi kwenye spika: "Bibi harusi, toka nje tukuone." Kitufe cha pili, vigelegele vyangu. Cha tatu, kiitikio. Kaikata mistari yangu kutoka kwenye rekodi za mazoezi, kaijaza kwenye kinanda kipya, kila kitufe na mstari wake. Kinanda cha zamani kilikuwa ukikizima kinasahau ulichokirekodia. Hiki hakisahau. Umeme ukatike, wakipakie kwenye gari, mimi nimo humo.

Mbona hukuniambia? Eti nilikuwa naumwa, na harusi hazisubiri mtu. Nikamwambia afute.

"Sauti ni yako, dada. Kinanda ni changu."

Nimetoka bila kuaga. Hata mama yake sikumuaga.

Jumanne, 4 Novemba

Hasira. Nimeunguza maharage.

Alhamisi, 6 Novemba

Ninachokichukia zaidi ni kwamba yule wa kwenye kinanda haumwi. Hapumui hata. Rama anambonyeza mara kumi, anatoka vilevile mara kumi. Mimi nimeanza kuimba kaswida nikiwa mtoto, nimejifunza pumzi niivute wapi na niiachie wapi. Rama anachukua sekunde chache tu, anakata na pumzi yenyewe.

Na naogopa. Niandike tu, hakuna anayesoma. Koo likigoma kupona, nani atagundua sipo?

Jumamosi, 8 Novemba

Harusi ya Rehema, binti wa mtaa wetu. Nimealikwa kama jirani. Nimekwenda makusudi, nimekaa mbele.

Bibi harusi kaingia. Rama kabonyeza. Sauti yangu ikajaa ukumbi mzima: "Zuhura, ua la nyumba, Zuhura, karibu."

Rehema kasimama palepale na shela lake. Zuhura ni bibi harusi tuliyemwimbia mwezi wa tisa. Rama kapapasa vitufe, kabonyeza palepale tena. Zuhura, ua la nyumba. Watu wakaanza kuulizana Zuhura ni nani. Bwana harusi akaangalia chini, nadhani kwa aibu tu, lakini ilionekana vibaya.

Shangazi yake Rehema kageuka kunitafuta. Kanikuta nimekaa, mdomo umefungwa, na huku bado naimba kwenye spika. Sijawahi kumwona mtu mzima akiduwaa vile.

"Amina, unamtukana mtoto wetu?"

"Si mimi, shangazi. Ni kile kinanda."

Hakunielewa. Rehema machozi yanamtoka. Ningeweza kukaa nimwache Rama aaibike, na nilitaka, wallahi nilitaka. Lakini aibu yenyewe ilikuwa inamwangukia Rehema, tena kwa sauti yangu.

Nimechukua maiki. Nimemwambia Rama azime. Nikamwita Rehema kwa jina lake. Sauti ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, sikuitambua. Mstari wa pili ikakatika katikati. Wanawake wakaudaka, wakaumalizia. Nikaanza mwingine, wakamalizia na huo. Tukamfikisha hivyo mpaka kwenye kiti chake.

Nimerudi nyumbani koo linawaka moto.

Jumapili, 9 Novemba

Ujumbe wa Rama. Si wa kuomba radhi. Anasema sauti ya jana, ile nzito, ni tamu kuliko ya zamani. Nikipata nafasi nipite turekodi.

Nimeirusha simu kitandani. Nikaichukua tena, nikamwandikia: ufute yote, mbele yangu, au mtafute mwimbaji mwingine na mumweleze kabisa mtakachomfanyia.

Hajajibu.

Jumatatu, 10 Novemba

Daktari kanigombeza kama mtoto. Nisiseme neno mpaka nirudi kwake. Nastahili, lakini sijuti.



Ijumaa, 14 Novemba

Leo kaja baada ya sala. Kinanda mgongoni, flashi yenye nakala ya mistari yangu mkononi. Shangazi yake Rehema alimfuata Kihonda, akamsema mbele ya mama yake. Hilo kanieleza mwenyewe, macho yakiwa sakafuni. Kisha kasema, "Nisamehe, dada."

Nje mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Tumekaa mkekani. Kila mstari anaupiga kwanza, kinanda kinamuuliza kama afute, naye ananitazama. Mimi siruhusiwi kusema. Naitikia kwa kichwa.

Wa mwisho haukuwa wimbo. Kumbe nilikuwa nacheka, sijui nacheka nini, kicheko kirefu cha mazoezini. Nikamwonyesha kwa kidole apige tena. Akapiga. Nimekisikiliza mpaka kikaisha.

Halafu nikaitikia kwa kichwa.