Pasi ya Kona ya Kushoto

Mpendwa dada Zuhura,

Tuelewane mapema usije ukasikia kwa watu: Bongo hii kwa sasa hakuna mcheza kikapu kama mdogo wako. Nikiruka naona makontena ya bandarini. Nikikaa sana hewani kunguru wananiomba niwapishe. Nikitua namkuta refa ameshachoka kunisubiri, amekaa chini anakunywa maji. Makocha wamepanga foleni, wanagombana nani aanze kunibebea begi.

Najua hapo ulipo umeshasema, "Acha fiksi, Sele." Sawa, naacha. Ila siachi zote, maana nikiacha zote barua itaishia hapa.

Shikamoo ya Bibi mfikishie, umwambie nimekula. Na hiyo ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Nikipiga unaweka spika ili Bibi asikie, na Bibi akishadaka maongezi basi tena: umekula nini, umepikiwa na nani, mbona sauti imekonda. Na kuku wenu nao wanachangia. Jumapili uliponiuliza mechi imekwendaje nikakujibu poa, nimewafunga mpaka nimewaonea huruma. Bibi akapiga kigelegele kwa hali yake ileile ya kitandani. Sasa mimi ningeanzaje kusema jingine juu ya kigelegele cha mgonjwa? Kwa hiyo karatasi hii inakuja na dereva wa basi la kusini, pamoja na kanga za Bibi. Bahasha sijaifunga. Kondakta akitaka kusoma asome, mimi sina siri, nina presha tu.

Presha yenyewe ni hii. Ligi imesimama, na ile timu ya kule Upanga inatumia mapumziko kucheza mechi za kirafiki ili ipime vijana. Wanatuchanganya tusiojuana, wanatuvisha vizibao, wanatuachia uwanja, halafu Kocha Beda anakaa kwenye benchi anatafuna kijiti cha meno. Hapigi makofi, hagombi, hacheki. Anatafuna. Ukifunga anatafuna, ukianguka anatafuna. Wachache wataingia kambini, wengine tutarudi tulikotoka, na mimi ninakotoka unapajua: Mchikichini, kunadi viatu vya mtumba mpaka niote mvi. Kidato cha pili kilishanitoa, sina pengine pa kukimbilia. Mechi ya kwanza imepita. Ya mwisho ni Jumamosi hii. Jana nimemwachia mtu chipsi mayai sahani nzima. Wewe unanijua, lini nimewahi kuacha chipsi mayai?

Naukumbuka sana uchochoro wetu nyuma ya ghala la mzee Harish. Jumapili jioni, maduka yamefungwa, ringi tuliyochomewa na fundi wa Gerezani imelala upande kama sikio la mbuzi. Mzee Harish anachungulia dirishani kule ghorofani.

"Nyie watoto, huo ukuta wangu, siyo uwanja!"

"Shikamoo mzee!" unamwitikia huku unafunga.

"Marahaba. Basi mfundishe na huyo mdogo wako kulenga."

Na dirisha halifungi mpaka giza liingie, mnafiki mkubwa yule.

Unakumbuka upande wa kulia ulivyokuwa? Marobota yamepangwa mpaka juu, na mkokoteni umeegeshwa mbele yake. Hapapiti hata paka. Njia ilikuwa moja tu. Mimi napenya katikati, watoto wa mtaa wa pili wananivamia wawili watatu, na wewe unateleza kimya mpaka kona ya kushoto, pale mama ntilie alipokuwa anamwaga majivu. Natupa, unafunga, unafuta majivu kwenye kandambili. Mara ya kwanza kabisa niligeuka kukutafuta kwa macho, na wao wakageuka, wakakuziba. Uliniminya sikio nikaona nyota mchana. "Usiniangalie," ukasema. "Ukiniangalia, na wao wataniangalia. Wewe tupa, mimi nipo."

Nikatupa miaka yote ile. Hata siku moja hukukosekana.

Halafu tukichoka tunakaa kwenye ngazi ya duka, wewe unajifanya kocha mkuu wa Kariakoo nzima, tunapima wapita njia. Yule mbeba mzigo mwenye shingo kama gogo: "Huyo chini ya ringi, wala asitoke hapo." Yule kijana wa mkokoteni anayepigia watu mluzi halafu anawagonga: "Huyo benchi, faulo nyingi." Na yule mama wa mayai ya kuchemsha, sinia kichwani, anakatiza katikati ya umati wa sikukuu bila yai hata moja kutikisika. Ulisimama kwa heshima. "Huyo ndiye mchezesha timu. Umeona macho yake? Anawaona wote."

Nikakuuliza, na mimi je?

"Wewe una mdomo," ukasema. "Tutautafutia nafasi."

Nilinuna mpaka uliponinunulia juisi ya miwa. Sikukuambia, lakini usiku ule nilijipima mwenyewe, nikajiweka namba moja, nikakuweka wewe namba mbili. Sasa naona nilipanga kinyume. Wewe ndiye uliyekuwa unanifanya nionekane. Watu wote walikuwa wanasema yule dogo ana pasi, yule dogo ana pasi. Pasi bila mtu wa kuipokea ni mpira umetoka nje, basi.

Ngoja nikueleze Jumapili vizuri, ile isiyokuwa na kigelegele.

Nilianza moto. Hii siyo fiksi, muulize yeyote aliyekuwepo. Nilifunga vikapu vya mwanzo mfululizo, nikamgeuza mtu mmoja mpaka kiatu kikamvuka, nikakiokota nikampa kwa mikono miwili, uwanja ukacheka. Nikamwangalia Kocha Beda. Anatafuna. Nikaongeza mbwembwe. Anatafuna. Mpaka robo ya mwisho nikawa simchezei mtu mwingine yeyote uwanjani, nakichezea kile kijiti.

Ikafika mwisho kabisa, tuko nyuma kwa kikapu kimoja, mpira niko nao mimi. Nikapenya katikati kama kawaida yangu. Wakanivamia kama kawaida yao. Upande wa kulia alikuwepo Gideoni, kijana mmoja wa Ilala, mrefu, mpole, hana maneno. Alikuwa peke yake, dada. Peke yake kabisa, mikono juu, kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba. Mimi nikatupa kushoto.

Kushoto hakukuwa na mtu. Mpira ukapita ukagonga ndoo ya maji ya wachezaji, ndoo ikalala, na maji yote yakaenda kwenye viatu vya Kocha Beda.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Gideoni peke yake hakucheka. Alishusha mikono polepole akasema, "Oya Sele, mi nilikuwa hapa." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Angetukana ningemjibu, unajua kwenye kujibu sina mpinzani.

Kocha akatoa kijiti mdomoni. Kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Dogo, ulikuwa unampa nani?"

"Mkono umeteleza, kocha."

"Umeteleza."

"Jasho, kocha. Na mpira wenyewe bado mpya."

Akanyanyua mguu, akakung'uta maji kwenye kiatu. "Njoo Jumamosi. Mikono nimeshaiona. Nataka nijue kama unaona wenzako." Akarudisha kijiti, akaondoka, viatu vinalia kwacha kwacha.

Tangu hapo kila mtu nampa lake. Gideoni nilimwambia jua lilinipiga machoni. Pale Mchikichini nimewaambia uwanja ulikuwa na mchanga. Wewe nikakuambia nimewaonea huruma. Gideoni ameniamini, hilo ndilo linanitisha zaidi. Juzi amepita kazini kwangu kunitafuta. Akasimama pembeni ya meza, mimi niko katikati ya kunadi, "Mwendo wa kuchagua, mwendo wa kuchagua, usiondoke peku!" Akanisubiri nimalize. "Jumamosi jua likikusumbua," akasema, "mi nitakuita kwa jina. Sawa, mwana?" Nikamwambia poa. Nikamuuzia raba mtu hajaniomba, alimradi nisimwangalie usoni.

Jana jioni nimekwenda uchochoroni peke yangu. Marobota bado yapo, safari hii yamepanda mpaka yameziba taa. Nikapenya katikati pasipo na mtu wa kunivamia. Nikatupa. Mpira ukagonga ukuta, ukarudi ukilegea, ukasimama kwenye majivu. Nikaenda kuuchukua mwenyewe. Nikarudia, nikajisemea safari hii kulia, Sele, kulia, kuna watu kulia. Mkono ukaenda kushoto. Mzee Harish akachungulia dirishani, akaangalia ile kona, akafunga dirisha na giza lilikuwa bado halijaingia.

Sikuombi urudi. Najua Bibi hana mwingine wa kumgeuza kitandani, na najua na wewe ulikuwa na mechi zako za kupimwa ukaziacha, tena makocha walikuwa wanakuulizia kwa jina, siyo kwa "dogo". Mimi naogopa tu. Naogopa Jumamosi nitapenya katikati, wataniparamia, Gideoni ataniita kwa jina langu mbele ya watu wote, na mkono wangu utajifanya kiziwi. Halafu yule mzee wa kijiti atanyanyuka aende zake, na safari hii hataniuliza kitu.

Basi, dereva anapiga honi, kanga za Bibi ziko juu ya kiti cha mbele, zisije zikashuka na mtu wa Lindi. Mpake Bibi mafuta miguu. Kuku wasalimie.

Nilishaikunja karatasi, nimeikunjua tena. Dada, mkono haukuteleza. Jua lilikuwa mgongoni na mchanga haukuwepo. Ile pasi ilikuwa safi, pengine safi kuliko zote nilizowahi kutupa. Ilikuwa yako. Sikuangalia kwa sababu ulinikataza kukuangalia, na ningeangalia ningeona kwamba hupo.

Ni mimi mdogo wako,
Sele